Kanafasi Kadogo Tu Ghalani

Hakuna maneno yaliyomkera Bi Chanja kama "kanafasi kadogo tu". Majirani walimpachika jina la Bi Chanja kwa sababu ya chanja zake za kuanikia vitunguu, zilizojaa ghalani kutoka sakafuni hadi karibu na paa. Ghala alilijenga baada ya kufiwa na mumewe. Kuta zake ni mbao zilizoachiwa mianya ili upepo uingie huku utokee kule, maana kitunguu kikikosa hewa hakikawii kuoza. Mabati mapya yote yalikwenda huko. Nyumba ingengoja mavuno mazuri. Mvua ikinyesha, alitega beseni katikati ya chumba chake akajibanza ukutani kulala.

Ubaya wa kuwa na paa lisilovuja ni kwamba ukoo mzima unalijua. Wifi yake alianza na kuku, "wa kulala tu, wifi yangu," ghala likawa banda. Shemeji yake, fundi wa pikipiki, akarundika injini zake mbovu, likawa gereji. Wanakwaya nao wakakosa pa kufanyia mazoezi, likawa ukumbi, na kuku wakajiunga na sauti ya tatu. Kila mtu aliliita kwa shida yake. Aliyelijenga ndiye peke yake aliyeliita ghala, na ndiye aliyepiga hodi kabla ya kuingia! Angewafukuzaje? Hao hao ndio waliomshika mkono msibani.

Msimu huu vitunguu vilikubali kuliko misimu yote. Bi Chanja akapita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza watu waondoe vitu vyao, utadhani yeye ndiye mpangaji. Waliondoa, kwa kununa. Akajaza chanja zote, na kichwani akawa ameshaiezeka nyumba yake.

Ndipo mdogo wake wa kiume, kinyozi, akahamia chumba kidogo, akatokea na makochi yake.

"Dada, naomba kanafasi kadogo tu, hapo mlangoni."

"Mlangoni tu. Usiguse kitu kingine."

"Nikugusie vitunguu vya nini mimi?"

Na kweli hakuvigusa. Bi Chanja alipokwenda kwa binti yake aliyejifungua, kinyozi alipita kuangalia mali yake, akaona vumbi limetua juu ya vitambaa vya makochi. Akanunua nailoni na misumari, akaziba mianya yote, ukuta hadi ukuta. Kazi safi, hata mbu hapiti.

Bi Chanja aliporudi, harufu ilimpokea njiani. Alifungua mlango, akashika kitunguu, kidole kikazama. Akashika kingine, na kingine cha chanja ya juu. Maji yake yalikuwa yakidondoka sakafuni. Aling'oa nailoni kwa mikono mpaka kucha zikamuuma, huku akijua hewa hiyo haina cha kuokoa tena.

Kinyozi akaja mbio.

"Afadhali umerudi, dada. Vitunguu vyako vimeninukishia makochi!"

Bi Chanja alimtazama mdogo wake, aliyembeba mgongoni utotoni.

"Kweli vimenuka," alisema. "Shika upande huo, tuyahamishie nyumbani kwangu."

"Ahsante dada. Nilijua utanielewa."

Waliyabeba, moja baada ya jingine, wingu likizidi kuwa zito. Kochi kubwa lilipoingia chumbani, Bi Chanja alisukuma beseni kwa mguu, akaweka kochi hapo hapo beseni lilipokuwa. Matone ya kwanza yakalia juu ya bati, kisha tone moja likapenya, likatua katikati ya kitambaa.

"Dada! Humu kunavuja!"

"Kunavuja tangu mume wangu yuko hai," alisema Bi Chanja. "Kaa, mdogo wangu. Kuna kanafasi kadogo."