Jezi Niliyoifua

Miaka ya tisini nilifanya kazi Eagan, mji wa ughaibuni, kwenye ghala la tajiri aliyeuza jezi kuukuu za besiboli. Ili jezi iwe mali, ilibidi iwe imevaliwa mchezoni, na mtaalamu wake, msomi wa madoa, ndiye aliyethibitisha kwa lenzi. Siku moja nikatumwa nimpelekee jezi yenye tope na jasho la miaka thelathini. Mimi nimelelewa Tanga. Mtu hakabidhiwi nguo chafu. Nikaifua, nikaipiga pasi. Mtaalamu akaikagua, akatamka kwamba haijawahi kugusa uwanja. Nilipoeleza wema wangu, tajiri nusura azimie. Kesho yake mtaalamu akanifuata kwa upole, kopo la udongo mkononi, akaniuliza kama nakumbuka kila doa lilikaa wapi.