Jicho Langu Lilipogoma Kufunga

Ti, ti, ti. Ni chai yangu, ikitoka pembeni mwa mdomo na kudondoka ndani ya sahani ya bati. Sauti ile ninaisikia hata leo.

Mimi ni Kahindo, wa Beni, commune Ruwenzori. Ninajifunza couture, kushona nguo, na ninaota kuvalisha mabibi-arusi mpaka Kinshasa. Siku moja nilitoka Oicha kwa pikipiki, mvua na baridi usoni. Asubuhi yake nusu ya uso ilikuwa imelala. Jicho la kushoto halikufunga, lilitoa machozi tu.

"Batu bamemuloga mutoto wangu!" mama alilia.

Daktari wa hospitali akamtuliza. "Hapana, mama. Ni mushipa ya uso imevimba." Alinipa vidonge na matone ya jicho. "Mais jicho ikibaki wazi, inaweza kukauka na kuharibika."

Hapo ndipo nilipoogopa. Nitashona na nini?

Nilimaliza vidonge. Mdomo ulianza kusogea, jicho likagoma. Tantine yangu, mama mdogo wa Butembo, akanipeleka kwa docteur mmoja aliyesomea dawa ya Kichina. Alinishika mapigo mikono yote miwili, vidole vitatu vitatu.

"Toa ulimi." Akatazama, akacheka. "Umeusugua?"

"Ndiyo, docteur, na brosi. Kwa heshima."

"Heshima yako imefuta kile nilitaka kusoma! Kesho ukuje nao hivyo hivyo."

Tantine alicheka mpaka akashika ukuta.

Kesho yake docteur aliona utando mweupe. "Wachina wanasema upepo wa baridi ulikukuta umechoka, ukaziba njia. Hospitali wanasema mushipa. Mimi ninasikiliza wote wawili. Donc matone usiache." Akachoma sindano nyembamba mkononi, karibu na kidole gumba.

"Docteur, bugonjwa iko ku uso!"

"Na maji ya robinet yako, inazaliwa ndani ya bomba?"

Mkono ukawa mzito kama nimebeba ndoo. Kisha akachoma na usoni. Nilirudi mara nyingi. Kama kilichosaidia ni sindano, ama vidonge, ama ni muda tu, sijui. Mungu ninamshukuru kwa vyote. Wewe, uso ukilala, kimbia hospitali siku ileile, linda jicho, usikubali mtu akuchanje uso kwa wembe.

Siku moja tantine, aliyekuwa akinifunika jicho kila nikioga, alikuwa sokoni. Niliingia kuoga, nikapaka sabuni uso mzima, nikafunga macho. Nikangoja sabuni iume jicho la kushoto.

Haikuuma.