Waya wa Silinda ya Tatu

Na kama si waya? Swali hilo liliniweka macho usiku wote wa Alhamisi, nikisikiliza mbwa wa jirani hapa mtaani Skuta. Kukicha nilitakiwa kukata waya kwenye gari la baba, na waya ukishakatwa, samahani haiuungi.

Gari lenyewe lilikuwa zima mpaka lilipooshwa. Jumamosi tulikuwa na ruracio, tunapeleka mahari ya kaka yangu kwa wakwe, ng'ambo ya Naro Moru. Kwetu msafara wa namna hiyo haufiki na matope. Magari huoshwa nje, ndani na hata chini ya boneti, maana upande ule hakukosi mjomba atakayetaka kuona injini. Basi baba aliagiza injini ipigwe maji ya presha mpaka ing'ae. Iling'aa kweli. Ilipowashwa ikaanza kutetemeka kama mtu aliyeoga mtoni mwezi wa Julai.

Fundi wetu wa miaka mingi, mwenye gereji karibu na mtaa wa Majengo, aliisikiliza akasema injekta ya tatu, ile inayopuliza mafuta ndani ya silinda, imekufa. Nyingine ingeagizwa Nairobi, ifike Jumatatu. Jumatatu haikumfaa baba. Binamu zake walikuwa wamempa nafasi katika magari yao, naye alikuwa amewajibu wote kwamba mwanamume haendi kumwombea mwanawe mke akiwa abiria.

Mimi nilisomea uhandisi wa umeme. Tangu nihitimu, kazi yangu kubwa imekuwa kutuma maombi ya kazi, kisha kuyasoma upya yakiwa yamekwenda, nikitafuta kosa. Nikasema labda niangalie, kwa sauti ndogo, nikitumaini hakuna atakayesikia. Fundi alisikia. Akaniachia taa yake ya kupimia umeme.

Nilichomoa soketi za injekta moja moja injini ikinguruma. Nilipochomoa ya kwanza injini ilidhoofika, vivyo hivyo ya pili na ya nne. Nilipochomoa ya tatu hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo fundi alikuwa sahihi kuhusu silinda. Kisha nikazibadilisha mahali injekta mbili: ya tatu ikaenda kwa ya pili, ya pili ikaja kwa ya tatu. Kama injekta ndiyo ilikuwa mbovu, ugonjwa ungehama nayo. Haukuhama. Ile iliyotangazwa kufa ilifanya kazi vizuri mahali pake papya.

Zikabaki nyaya. Kwenye soketi ya tatu, waya mmoja ulikuwa na umeme. Wa pili, unaoleta amri kutoka kwenye kompyuta ya gari, haukuipepesa taa hata kidogo. Lakini nilipogusa waya huohuo pale unapotoka kwenye kompyuta, taa ilipepesa. Amri ilitoka, haikufika.

Mtu mwingine angeridhika. Mimi nilirudia vipimo vyote, kisha nikavirudia tena kichwani mbele ya sahani ya githeri iliyopoa. Huenda taa ni mbovu. Huenda nikikata nitaua kompyuta, baba akose gari, wakwe waanze kuuliza maswali, na kaka yangu azeeke peke yake. Nilifika huko kabla ya kumaliza kula.

Ijumaa asubuhi fundi alirudi. Baba akaketi kwenye usukani na kuwasha gari, fundi akashika taa kwenye soketi, mimi nikaanza kuukunja waya taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Pale unapopita chini ya kibanio cha chuma, taa ilipepesa. Nikauachilia, ikazima. Nikaukunja tena, ikapepesa.

"Si imejionyesha?" fundi alisema. "Kata sasa."

"Kata wewe. Wewe ndio fundi."

"Ati mimi? Hii ugonjwa umepata ni wewe. Mimi nilikuwa nimeizika kitambo."

Baba alizima injini akatoa kichwa dirishani. Nina jina la mama yake, ndiyo maana huniita mami, hata akiwa amekasirika.

"Mami, unangoja gari ikupatie ruhusa?"

"Na nikiharibu?"

"Ukiharibu, nitapanda ya binamu yangu. Nitakaa nyuma, ninyamaze mpaka Naro Moru. Kata."

Nikachomoa betri, nikakata.

Ndani ya mpira wa waya, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Kibanio kilikuwa kimeusugua kwa miaka, na maji ya presha yakamalizia nyuzi chache zilizobaki. Nilipunguza kila upande mpaka nikaona shaba nyekundu safi, nikaweka kipande kipya katikati, nikalehemu, nikafunika kwa tepu na kuupitisha mbali na kile chuma. Nikarudisha betri. Baba akapiga stata.

Injini ikatulia. Mtetemo wote ulikwisha, na kikombe cha chai ambacho fundi alikuwa amekiweka juu ya boksi la betri kikasimama bila kumwaga tone.

Fundi alikichukua akanywa. Baba alishuka, akafungua buti na kuanza kupakia kreti za soda za wakwe.

Nilitaka kupima mara moja tena. Taa ilikuwa bado mkononi mwangu, na silinda ya tatu ilikuwa pale pale. Nikamrudishia fundi taa yake, nikafunga boneti.