Jani la Isale Kisiwani

Nilikwenda kisiwani kumchukua mwanangu. Naliweka hilo mbele kabisa, maana watu wa kwetu wakisimulia wanasema nilikwenda kutembea.

Alikuwa kwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Askari wa Wadachi, Wajerumani hao, walipomkamata mume wangu akabebe mizigo, mimi nililala na homa hata kibuyu cha maji sikuweza kukishika. Wifi akaja, akambeba binti yangu ambaye hata ziwa alikuwa hajaacha vizuri. "Mpaka upone tu," akasema. Nikapona. Mume akarudi, mabega yamechubuka. Masika yakapita, yakaja mengine. Kila nikimtaja mtoto, mume wangu ananiambia, "Dada hana mtoto. Mwachie kidogo." Kidogo! Kama vile mtoto ni jembe la kuazima.

Siku moja nikaamka alfajiri, nikashuka migombani peke yangu, sikumuaga mtu.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, nyumba kama kumi katikati ya ziwa, na ni kizuri. Uzuri wake ulinichukiza. Wanawake wa pale hupaka kuta udongo, nyumba hii nyekundu, ile ya manjano, nyingine nyeupe kwa majivu, na milango wameitia madoadoa kama manyoya ya kanga. Siku hiyo mawingu yalilala juu ya maji, Meru haionekani, na vile vijumba viling'aa kama shanga zilizodondoka matopeni.

"Unakwenda kwa nani?" mzee mwenye mtumbwi aliniuliza nilipomwamkia.

"Kwa mwanangu."

"Ahaa, ndiwe yule msomi wa misheni!" Akacheka. "Usikawie. Upepo wa jioni mimi sipigani nao."

Mtoto nilimwona kabla ya wifi. Alikuwa anapaka ukuta, mikono myekundu hadi viwikoni. Nikamwita kwa jina. Akanitazama, kisha akakimbilia mlangoni. "Mama! Kuna mgeni!"

Mgeni.

Wifi akatoka. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya adabu, yote yakanitoka. Nikasema, "Wifi, wewe ni mwizi."

Aligeuka. Akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na jani la isale, amelishika kwa mikono miwili.

Kwetu anayekuletea isale anakuomba msamaha. Ukilipokea umesamehe, na jambo lile hulitaji tena, si kwa mume wala kwa wazee. Nikaficha mikono nyuma.

"Mimi nimebatizwa," nikamwambia. "Jani lako mpe mbuzi."

"Na mimi nimebatizwa, wifi. Siku moja na wewe. Pokea."

"Sipokei. Nipe mtoto."

Majirani walikuwa wameshatoka milangoni. Wifi akainama, akamtia mtoto lile jani mkononi, akamnong'oneza. Na mtoto akaja. Yule aliyeniita mgeni alikuja kwangu kwa miguu yake mwenyewe, taratibu, mkono ameunyoosha, udongo umekauka kwenye vidole. Niambieni nani angebaki ameficha mikono. Nikapiga magoti, nikamshika ule mkono mdogo. Ulikuwa wa moto. Halafu akauchomoa, akarudi mbio kwa mama yake, na jani likabaki kwangu.

Nimeandika "mama yake". Sifuti.

"Amepokea!" jirani mmoja akapiga kigelegele.

Wifi alikuwa analia. "Karibu ndani, ule loshoro," akasema. Mahindi na maziwa yake ya mgando niliyasikia harufu hadi nje. Sikula.

"Mbona peke yako?" mzee wa mtumbwi akauliza. Nikamwonyesha jani. Akapiga kasia hadi ng'ambo.

Nyumbani mume wangu aliliona mkononi mwangu, akashusha pumzi. "Afadhali," akasema. Nilitaka kumpiga nalo usoni. Lakini nilikuwa nimepokea, na kwetu hata mchungaji, anayehubiri dhidi ya majani hayo, asingethubutu kuniambia nidai tena.

Sasa nina mwingine, wa kiume, nimempakata ninapoandika. Jana mume wangu aliniambia dada yake anataka kuja kumwona mtoto. Nimemjibu aje. Atanikuta nimembeba mgongoni, na mkono sitaunyoosha hata kwa salamu.