Ukuta wa Udongo, Si Tangi la Maji

Mashine ililia juu ya kifua cha mwenzangu. Udongo wa ukuta mzima ulikuwa umemfunika, mkono mmoja tu uko nje, vidole vinachezacheza. Baba, yaani mwajiri wetu, hakushika koleo. Alibaki na visikizi vyake masikioni, akapitisha ile sahani ya mashine juu ya fungu la udongo, polepole kama mtu anayepiga pasi. Ilipolia akasimama, akachakura kwa ncha ya kiatu, akaona ni chuma cha mshipi wa yule mtu. "Hadidi," akasema. Chuma tu. Akasogea mbele.

Mimi nilikuwa nimezikwa hadi kiunoni, namtazama.

Nimeanza na hayo kwa sababu mke wa mwenzangu aliambiwa mumewe aliteleza kutoka kwenye tangi la maji, kwa uzembe wake mwenyewe. Hivyo ndivyo karatasi inavyosema. Karatasi inadanganya, na waliodanganya nawajua.

Nilikuwa dereva wa nyumba huko Malaz, Riyadh, na mwenzangu alikuwa mlinzi wa lango. Wote Wakenya, tulilala chumba kimoja kando ya gereji. Shule niliachia darasa la sita, kwa hiyo msitafute maneno mazuri hapa.

Baba alitiwa wazimu na shemeji yake wa Jeddah, mwuza vitu vya kale. Huyo ndiye aliyemwambia kwamba watu wa zamani walifukia riyali zao za fedha ndani ya nyumba, chini ya ukuta wa chumba ambamo wanaume walinywa kahawa. Babu yake baba alikuwa ameacha nyumba ya udongo nje ya mji, katikati ya mitende iliyokauka. Basi baba akanunua mashine, ile inayolia ikipita juu ya chuma au fedha iliyofukiwa, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana tukawa tunaenda huko.

Kazi ilikuwa hivi. Baba anatangulia na mashine. Ikilia, anakanyaga kwa kisigino, anaacha alama, anaendelea. Sisi tunachimba penye kisigino. Yeye hakuwahi kuinama hata siku moja. Tukipata kitu, ananyoosha mkono wenye karatasi ya kujipangusia, ili vidole vyetu visiguse vyake.

Wiki nyingi tulichimba takataka. Misumari, makopo ya samaki, maganda ya risasi, vifuniko vya soda. Mwenzangu alivipanga vile vifuniko juu ya jiwe.

"Mzee, njoo uone urithi wa babu," aliniambia. "Babu alipenda soda ya machungwa sana huyu."

Nilicheka mpaka baba akageuka.

Kisha ikatoka moja ya kweli, ya fedha, pana kama mdomo wa kikombe. Tulikuwa tumebakiwa na chupa moja ya maji ya kunywa. Baba aliifungua, akaiosha sarafu yake, akayamaliza yote, akaikausha kwa kilemba chake, akaibusu. Nilitaka kutema mate. Hata mate hayakuwepo.

Palepale akampigia shemeji. Huyo shemeji alijua Kiswahili, mama yake alitoka Unguja, kwa hiyo aliomba kuzungumza na mimi.

"Ndugu yangu," akasema, "msichimbe pembeni. Ingieni chini ya ukuta wenyewe. Hapo ndipo penyewe."

Nikamwambia ukuta una ufa.

"Ukuta huo umewazika wote waliozaliwa humo, na bado umesimama. Utaangushwa na wewe, mgeni wa jana?"

Mwenzangu akauzunguka ukuta, akaugonga kwa mpini wa koleo. "Baba, hii ukuta itaanguka."

"Mafi mushkila," akasema baba. Hakuna shida. "Yalla." Haya, chimbeni.

Na mimi nikamwambia mwenzangu, tuchimbe kidogo tu, tumalize, twende tukapumzike. Hilo ni langu, silikani.

Ukuta ulianguka bila kelele nyingi. Mengine nimeshayasema.

Nilijichomoa, nikamfukua kwa mikono. Alikuwa anahema bado. Nikaomba tuite gari la wagonjwa. Baba akasema kwanza fukia mashimo yote, kwanza mashine iingie garini, maana kuchimba pale bila kibali ni kosa na hataki taabu na serikali. Nikafukia. Nilifukia mashimo huku mtu anakoroma damu hatua nne kutoka kwangu, na baba ananionyesha kwa kidole, bado lile, bado na lile. Mwenzangu alikata roho kwenye kiti cha nyuma kabla hatujaona taa za barabarani za mji. Hospitalini baba alisema mfanyakazi wake ameanguka kutoka juu ya paa akisafisha tangi.

Kesho yake nilipandishwa basi la Jeddah, eti nikapumzike. Niliwekwa mtaa wa Ghulail, chumba juu ya duka. Siku ya tatu shemeji akaja na karatasi ya Kiarabu. Alinikumbatia, ananukia udi, akatoa na machozi.

"Ndugu yangu, hii ni ya kuharakisha mwili ufike kwao. Weka kidole hapa."

Ukiwa kule, mtu akikusemesha Kiswahili unamchukua kama wa nyumbani. Humwambii akusomee kwanza, ni kama kumtukana. Niliweka kidole. Nikaipiga picha ile karatasi, nimtumie mjane aone kwamba mambo yanaenda.

Mwenye duka wa chini aliisoma kwenye simu yangu. "Hapa unasema ulimwona akiteleza kwenye tangi," akaniambia. Akanirudishia simu kwa ncha za vidole.

Nimesharudi nyumbani. Nilikwenda kwa mjane, nikamweleza yote, nyonga ikiniuma kwenye kigoda chake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa kidole ni cha nani?"

Basi wewe baba wa Malaz, na wewe shemeji wa Jeddah uliyeniita ndugu, andikeni karatasi nyingine. Semeni alifia wapi, akichimba nini, kwa amri ya nani, na kwa nini mashimo yalifukiwa kwanza. La kwangu nitalijibu mbele ya yeyote. Ninyi mtamjibu lini yule mama?