Vile tulimufukuza acheteur wa kahawa ya Kipese kwa ujanja wetu wenyewe

Bakubwa, salamu kutoka Butembo, commune Kimemi.

Mutanivumilia Kiswahili yangu, ni ya huku kwetu, hapana ile ya redio. Mambo yenye ninaandika niliyaona na macho yangu mbili. Nikiongeza chumvi, mama yangu angali hai, atanikana hapa mbele yenu.

Mama anakaaka Kipese, kule juu kwenye baridi. Iko na shamba ya kahawa yenye marehemu papa alipanda. Kahawa yetu tunaiuzishaka kwa bacommissionnaire, bale madalali, inapita Kasindi na camion, ikivuka mupaka inageuka kahawa ya Uganda. Sisi tunabaki na franc yenye inalala hivi, inaamuka vingine.

Mukubwa wangu wa tumbo moja, Paluku, alikuwa amechoka. Akasema kahawa ni kupoteza udongo, atakata miti yote apande mikaratusi, mbao angalau iko na soko.

Mama akamulomba musimu moja tu. Kama kahawa inapata acheteur, mununuzi wa inje, miti ya papa inabaki. Kama hapana, akate.

Kumbe acheteur akapatikana! Kampuni moja ya Ulaya ikaandikia coopérative yetu ya wakulima: tumeni échantillon, kahawa kidogo ya kuonja.

Hapa njo aibu inaanza.

Président wa coopérative, Papa Kasereka, ni mutu wa kuvaa cravate shingoni hata akienda kunyolewa. Iko na kipaji kimoja: kuongea. Akaita réunion, mukutano wa wote. Pembeni yake akakaa Monsieur Placide, agronome wa État, bwana shamba wa serikali, mwenye alitumwa huku kutoka mbali, upande wa Kinshasa, na mwenye naapa hajawahi kuchafua kiatu kwenye shamba. Kazi yake ni cachet, kupiga muhuri tu. Umuulize nini, jibu ni Lingala yake ileile: "Likambo te." Hakuna shida, donc.

Kwetu mugeni akifika, kuku ya kunona njo inachinjwa. Hakuna mutu anamuonyesha mugeni chungu chenye kimeungua. Comité ikafanya vilevile na kahawa.

Bamama kumi na wawili, mama yangu ndani, wakakaa siku tatu na lungo kwenye magoti, wanachagua mbegu moja moja. Yenye kuvunjika, inje. Nyeusi, inje. Ndogo, inje. Ikabaki kahawa inang'aa, mutu angeweza kuivaa shingoni.

Na mimi, mujinga wa mwisho, nikaipeleka na moto, pikipiki yangu, mpaka kiwanja cha ndege cha Mavivi. Njia nzima nilijiona waziri.

Jibu likarudi: wameipenda! Wanataka camion nzima, na wanatuma mutu wao aangalie mifuko mbele ya kupakia. Bwana we, Kipese ilicheza. Mama akamupigia Paluku simu: "Musumeno yako iende kukatia miti ya wengine."

Mutu mwenyewe akafika kwenye dépôt ya coopérative hapa Kimemi. Mwanamuke, Mukenya, mupole sana, na kachuma kembamba kenye tundu, ka kuchoma kwenye mufuko ili mbegu zitoke. Cravate ya Président hakuitazama hata. Akachoma mufuko wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi.

Zikatoka mbegu za kuvunjika, nyeusi, na harufu ya udongo, maana sisi tunaanikaka chini. Akakaanga kidogo, akasaga, akamwagia maji ya moto, akavuta na kijiko kwa sauti. Akatema, njo vile waonjaji wanafanyaka.

"Anatema kahawa yetu!" Papa Kasereka akanung'unika, sawa vile ametemewa yeye.

Madame akauliza polepole: "Hii ndiyo kahawa mliyotutumia?"

Na Papa Kasereka, kifua mbele, bila haya hata kidogo: "Hapana, Madame. Ile ilikuwa ya kuonyesha. Hii njo ya kuuzisha."

Mungu wangu! Nikatafuta fasi ya kuficha uso, sikuiona.

Placide akakimbia na karatasi: mais Madame, certificat de qualité iko, na cachet juu! Akaulizwa ni mufuko gani alifungua. Siku ile likambo te ilimukauka mudomoni.

Kenye kananiuma mpaka leo ni maneno ya Madame wakati wa kuaga. Alisema wananunuaka hata kahawa ya kawaida, na kwamba wangetufundisha kuanika juu ya meza. "Mngetutumia hii hii tungeichukua. Sasa nitamwambia bosi amwamini nani?"

Kahawa ya kuonyesha ilibaki kidogo. Mama, mwenye alishuka kutoka Kipese kuona, akalomba kikombe.

Nicheke ao nilie? Mama amezeekea ndani ya kahawa, hajawahi kuonja yake. Sisi wote hatujawahi, Président pia. Tulikuwa tunaijua kwa macho tu, sawa maharagi.

Akanywa, akasema: "Kumbe iko mutamu."

Mifuko ikaenda Kasindi kama kawaida. Paluku alikuja siku ya Kwanza, ile Jumatatu, na musumeno. Mama alishika neno lake, akamuonyesha mwenyewe muti wa kuanzia.

Placide sasa anafundisha séminaire ya qualité kule Beni, musicheke. Papa Kasereka angali président, ninasikia ameingilia na cacao.

Somo yangu ni fupi. Tunalia vita, tunalia État, tunalia franc, na yote ni kweli. Mais huyu acheteur vita haikumukimbiza. Tulimufukuza sisi, na uzuri wa uongo.

Ninyi wenye kuuzisha kahawa, cacao, vanille: kwenye comité yenu, nani amewahi kuonja kile munatuma inje? Andikeni hapa chini, na mwenye kunitukana anitukane, nimestahili.

Nikichelewa kujibu munisamehe. Ninapanda Kipese kumubebea mama kuni, na zote ni za kahawa.