Viatu Vilivyotoka Ng'ambo ya Ravi

Bibi Gurmej Kaur alitunza viatu mlangoni mwa gurdwara, hekalu letu Wasikh, la kijiji chetu kwa miaka ishirini na mitatu. Kabla ya hapo alikuwa jikoni, akisugua masufuria ya chakula cha wote kwa jivu. Ukivua viatu alivipokea kwa mikono miwili, akavipangusa kwa kitambaa, kisha akajipaka lile vumbi kwenye paji la uso. Kwetu vumbi la miguu ya waumini ni baraka. Siku moja nilimtania kwamba mwenye viatu alivyoshika ametoka zizini kwa nyati wake wa maziwa. Akanijibu nyati naye ana Mungu, nivue upesi, naziba mlango.

Alizaliwa ng'ambo ya Mto Ravi. Mwaka nchi ilipokatwa vipande viwili, India huku na Pakistani ng'ambo, alikuwa na miaka sita, baba yake akamvusha mabegani. Mama yake alikuwa amekwisha kufa. Huyo mama ndiye aliyekuwa akifagia njia ya kuingilia pale Baba Nanak, mwanzilishi wa dini yetu, alipolima na kumalizia maisha yake. Siku za baridi, ukungu ukiondoka, kuba jeupe la pale huonekana kutoka kwenye tuta letu, na Bibi alipanda tuta hilo kila siku, peke yake. Mumewe alikuwa marehemu, mwanawe yuko Kanada, hupiga simu akikumbuka. Alitaka jambo moja tu kabla ya kufa: kuikanyaga njia ya mama yake.

Njia ya mahujaji kuvuka mpaka ilipofunguliwa, nilimpeleka kuomba pasipoti. Mashine haikuziona alama za vidole vyake. Tulirudi mara tatu. Karani akamwambia apumzishe mikono, ngozi iote. Akakaa mwezi mzima bila kugusa sufuria hata nyumbani kwake, na ngozi haikuota. Jivu la miaka yote ile si mchezo.

Basi nikaenda mimi. Aliniuliza nitavaa viatu gani, nikamwonyesha vya ngozi.

"Vaa hivyo hivyo," alisema. "Ukirudi, nianzie mimi kabla hujafika kwako."

Kulikuwa na mvua kule. Nilizunguka mashamba, nikapita njia ile mara mbili kwa ajili yake, nikarudi na halua, picha za simu na matope hadi vifundoni. Nikawaza: bibi mzee, macho hayaoni vizuri, nimpe matope asugue? Nikapitia bombani kwanza. Nilivisugua kwa brashi mpaka soli, nikavipaka rangi vikang'aa. Wema hauozi, nikajiambia.

Alivipokea kwa mikono miwili. Akavigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye soli, polepole, kwenye kila mfereji.

"Umeviosha?"

"Vilikuwa na matope, Bibi. Sikutaka kukuchosha."

Aliviweka mapajani.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema, akanipa kibao cha namba ya kuchukulia viatu.

Ni afadhali angenitukana. Nilisimama ndani na wenzangu, na sala ikafika pale tunapoomba kila siku tujaliwe kuzuru bila kizuizi mahali patakatifu tulipotenganishwa napo. Sauti yake ilisikika kutoka mlangoni, neno kwa neno, kama siku zote. Mimi nilishindwa kuitikia.

Nilipotoka alinirudishia viatu vyangu. Kitambaa chake kilikuwa kimekunjwa pembeni, na paji lake la uso lilikuwa safi.